Kuandika na Kuchapisha Riwaya ya Upelelezi Ukiwa Mombasa: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika riwaya ya upelelezi au ya uhalifu kwa Kiswahili, aichape kwa pesa zake, aiuze kwa mkono wake, naye yuko Mombasa. Nimeipita njia hii mara tatu. Mengi utakayoyasoma humu ungeweza kuyapata kwa yeyote aliyewahi kuchapisha kitabu, lakini riwaya ya upelelezi ina tabia yake. Riwaya ya mapenzi ikipoteza sentensi moja njiani, hakuna atakayejua. Ya upelelezi ikipoteza sentensi moja, kesi nzima huenda ikaanguka, kwa sababu pengine sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mashirika makubwa yana watu wa kuilinda. Wewe huna mtu. Kwa hivyo kila hatua hapa chini nimeitazama kwa swali moja: ushahidi utamfikia msomaji ukiwa mzima?

Wala huanzi kwenye jangwa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Wakaja kina Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango. Mtobwa hakukaa kungoja mlango wa mtu ufunguliwe: alikuwa na shirika lake mwenyewe la uchapishaji, Heko, huko Dar es Salaam. Vitabu hivyo nilivisoma vikiwa vimetoka majalada kwa kupokezanwa, na ndivyo vilivyonifundisha kwamba msomaji wa Kiswahili anaipenda kazi hii akiipata.

1. Weka saa kabla ya maiti

Wengi huanza na maiti. Mimi nakushauri uanze na saa. Kesi yoyote husimama juu ya swali la nani alikuwa wapi, wakati gani, na Kiswahili kinakupa namna tatu za kuhesabu wakati ambazo ni hazina kwa mwandishi wa upelelezi.

Ya kwanza ni saa yetu yenyewe, inayopishana na saa ya Kizungu kwa saa sita. Shahidi wa Kibokoni akisema "saa mbili usiku", kitabu cha matukio pale kituoni kitaandika 2000. Mgeni aliyejifunza Kiswahili juzi atasikia mbili akafikiria saa nane ya usiku. Pengo hilo la saa sita linatosha kumfunga asiye na hatia au kumwachia mwenye hatia. Lakini litumie mara moja tu katika maisha yako ya uandishi, kwa sababu msomaji akishalijua halimpiti tena.

Ya pili ni siku inayoanza magharibi. Kwa watu wa Mji wa Kale, "usiku wa Ijumaa" ni usiku ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua. Kwa mtu aliyezoea siku kubadilika saa sita usiku, ni usiku unaofuata Ijumaa. Bibi mmoja akimwambia askari kijana, "Nilimwona usiku wa Ijumaa," naye askari akaandika tarehe ya Ijumaa, mshukiwa amepata saa 24 za bure. Bibi hakusema uongo na askari hakufanya uzembe. Udanganyifu wa namna hii ndio mzuri kuliko wote, maana hakuna aliyedanganya.

Ya tatu ni maji, na hapa nitakaa kidogo.

Katika mswada wangu wa kwanza kulikuwa na mvuvi anayeona mtumbwi ukipita katika hori la Tudor, watu wawili ndani, na kitu kirefu kimefunikwa turubai. Niliweka saa nne usiku. Niliweka mwezi mpevu pia, ili aweze kuona. Nikampa mswada mzee mmoja aliyevua hapo tangu utotoni. Alisoma ukurasa ule, akauweka chini, akaniuliza, "Mwezi mpevu, saa nne usiku, maji umeyatoa wapi?" Nikanyamaza. Akanieleza: mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka ndio wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Na Mombasa, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Pale nilipopitisha mtumbwi wangu palikuwa na tope na mizizi ya mikoko. Mbalamwezi ile ile niliyoileta ili shahidi aone ndiyo iliyoyaondoa maji.

Ningeweza kubadilisha saa nikaendelea. Badala yake nilimwacha shahidi aseme vile vile, neno kwa neno, kisha sura kumi na tisa mbele mpelelezi akasimama ukingoni usiku wa mwezi mpevu na kutazama tope. Shahidi hakuwa shahidi, alikuwa amepangiwa maneno na mtu asiyejua bahari. Kosa langu ndilo lililokuwa kidokezo bora kabisa katika kitabu kile.

Basi jifunze maji. Kila siku yanachelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kujaa na kupwa hakupishani sana. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, bamvua iko karibu na mwanzo na katikati ya mwezi. Ukitaka uhakika wa dakika, tafuta majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini ya mwaka unaouandikia. Kisha nenda ukasimame mahali penyewe saa hiyo hiyo.

Vivuko ni saa nyingine. Amua hadithi yako inatokea mwaka gani kabla hujamvusha mtu. Daraja la kuelea la Liwatoni, la waendao kwa miguu, lilifunguliwa 2021. Kabla ya barabara ya Dongo Kundu kukamilika, mwenye gari wa Likoni hakuwa na njia fupi ya kufika kisiwani ila feri, na foleni ya feri ni ushahidi mzuri wa mtu kuwa mahali fulani.

2. Fungua daftari la ushahidi

Nunua daftari la mistari, la kawaida. Kila kidokezo kipe safu yake na mambo matano: kidokezo chenyewe kwa maneno kamili kama yalivyo kitabuni, sura kilipopandwa, nani katika hadithi amekiona, kimefichwa nyuma ya nini, na sura kinapofumbuliwa. Kiandike kwa maneno kamili, usifupishe. "Anazungumzia njia" haitakusaidia kitu. "Akasema, 'Ndia hii haipiti gari'" ndiyo itakayokuokoa, na nitaeleza kwa nini nikifika kwenye uhariri.

Kuficha kidokezo si kukinyamazia. Msomaji akifika mwisho akagundua kwamba ulimnyima jambo alilolijua mpelelezi, atahisi ameibiwa, naye ana haki. Kiweke wazi, lakini kiweke katikati ya mambo mengine yenye uhai zaidi. Ukiorodhesha vitu vya mezani, kile cha maana kisiwe cha kwanza wala cha mwisho. Au kiweke mdomoni mwa mtu ambaye msomaji anamwona mropokaji. Au kifuate mara moja na kelele: bodaboda imegonga mkokoteni wa maji nje, kila mtu kakimbilia dirishani, na ile sentensi imebaki nyuma yao.

Mimi hupanda kila kidokezo kikubwa mara mbili, ya kwanza mbali na ya pili karibu kabla ya kufumbua. Mara moja haitoshi, hasa kwa msomaji anayesoma kwa simu ndani ya matatu.

3. Jua polisi, mahakama na mazishi yanavyokwenda

Hapa ndipo riwaya nyingi za kujichapishia zinapokwenda mrama, kwa sababu waandishi wameiga filamu za Marekani. Kenya hakuna baraza la wazee wa mahakama linalotoa hukumu kama kule. Kesi ya mauaji husikilizwa na jaji wa Mahakama Kuu. Anayeamua mtu ashtakiwe ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si mpelelezi. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au, zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, siku ya kikao inayofuata. Hizo saa 24 ni zawadi kwako: mpelelezi ana mtu sahihi mkononi lakini hana ushahidi wa kutosha, na saa zinakwenda. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 katika kesi ya Muruatetu, hukumu ya kifo si ya lazima tena kwa kosa la mauaji, kwa hivyo usimfanye jaji wako aseme mikono yake imefungwa.

Taarifa ikifika kituoni huingizwa katika kitabu cha matukio, ambacho kila mtu hukiita OB, na mlalamikaji hupewa nambari. Mkuu wa kituo ni OCS. Upelelezi wa mauaji ni wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Mtu akifa mikononi mwa polisi, IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, huingia. Tumia majina hayo kama watu wanavyoyatumia. Hakuna mtu Mombasa anayesema "Afisa Msimamizi wa Kituo" akiwa na hasira.

Mpelelezi wa kujitegemea hana uwezo wa kukamata na kupekua kama askari. Hilo lisikukatishe tamaa. Mtu asiye na kitambulisho cha polisi analazimika kukaa barazani, kunywa kahawa, na kusikiliza, na mji wetu ni mji wa baraza.

Kisha mazishi. Muislamu akifa asubuhi, aila yake hutaka azikwe kabla ya magharibi. Kifo chenye shaka kinahitaji uchunguzi wa maiti, na uchunguzi unachelewesha janaza, na watu wa nyumbani wanaona maiti wao anaonewa. Katika mvutano huo kuna taharuki kubwa kuliko kukimbizana kwa magari. Mtoto wa marehemu anayelilia mazishi ya haraka, je, ana imani au ana siri? Usikimbilie kujibu. Lakini andika kwa heshima: uliza watu wanaoosha maiti, uliza mwalimu wa madrasa, ili sala, sanda na kaburi viwe sawa. Kosa la sanda msomaji wa Mombasa hatakusamehe.

4. Andika kwa sura fupi

Maneno 50,000 hadi 60,000 yanatosha. Sura za maneno 1,500 hadi 2,500 zinasomeka kwa simu na zinafaa ukitaka kuzitoa kwa mfululizo. Malizia sura kwenye swali dogo la kweli, si kwenye mlio wa bastola kila mara.

Na lugha iwe ya watu. Mswahili wa Mvita akiwa kwake husema "yuwaja", mtu wa Kisauni aliyetoka bara husema "anakuja", kijana wa stendi ana yake. Ukiwasemesha wote Kiswahili cha mtihani umetupa nusu ya vidokezo vyako baharini.

5. Wasomaji wa awali, kisha mhariri

Mficha uchi hazai. Mswada utoe nje ukiwa bado una makosa. Tafuta wasomaji watano, na wasiwe wote waandishi: mmoja anayejua kazi inayotajwa kitabuni (mvuvi, karani wa bandari, muuguzi), mmoja wa Tanzania, mmoja asiyepita riwaya ya upelelezi bila kuinunua. Usiwaulize kama wamependa. Waombe, wakifika sura ya kumi, wakuandikie jina la wanayemshuku na kwa nini, na tena sura ya ishirini. Wote watano wakimtaja muuaji mapema, umepanda vidokezo vingi au umevipanda ovyo. Asimtaje hata mmoja mpaka mwisho, huenda umewanyima. Mimi hufurahi wakiwa wawili.

Sasa mhariri, na hapa nisikilize vizuri.

Katika kitabu changu cha pili marehemu ni mzee wa Mvita. Maishani mwake kitabuni kote husema "ndia", "mato", "mtele", pale ambapo Kiswahili sanifu kingesema njia, macho, mchele. Baada ya kutoweka kwake, binti yake anapokea ujumbe wa simu kutoka nambari ya babake: "Niko salama, niko njiani." Binti anausoma mara ya kwanza akashukuru Mungu. Mara ya pili akanyamaza. Babake hajawahi kuwa "njiani" hata siku moja. Siku zote huwa "ndiani". Huo ndio ulikuwa mhimili wa kitabu.

Nilimpa kazi msahihishaji hodari, mtu wa nia njema. Naye, kwa nia njema, alibadilisha kila "ndia" kuwa "njia", kila "mato" kuwa "macho". Niliangalia masahihisho yake kwa haraka, nikaona yamejaa mistari myekundu ya nukta na mikato, nikayakubali yote kwa mpigo. Vitabu 300 vikachapwa. Binti akasoma ujumbe, akanyamaza, na msomaji hakuelewa ananyamazia nini.

Kitabu cha kawaida kikiwa na kosa, unatia kikaratasi cha masahihisho ndani. Mimi sikuweza. Kikaratasi kinachosema "ukurasa wa 31, soma ndia badala ya njia" kingemwambia msomaji, kabla hajaanza, kidokezo kiko wapi. Ilibidi niviweke vitabu 300 kando na kuchapa upya. Nilikula hasara hiyo mwaka mzima.

Tangu siku ile simpi mhariri mswada bila ukurasa mmoja mbele yake ulioandikwa VISIGUSWE. Nautoa katika daftari la ushahidi: maneno kamili, sura, na agizo kwamba yabaki yalivyo hata yakionekana makosa. Mhariri hana haja ya kuwa msomaji wa kushtukizwa; mwambie muuaji ni nani tangu mwanzo. Anayepaswa kusoma bila kujua ni yule wa mwisho, msomaji wa prufu, ambaye naye hupewa orodha ile bila maelezo. Na mabadiliko yakirudi kwenye kompyuta, yapitie moja moja. Kisha tafuta kila kidokezo kwa kutumia kitufe cha kutafuta, kimoja baada ya kingine, huku daftari likiwa wazi mezani. Ni kazi ya jioni moja.

6. Sheria na nambari

Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si lazima, lakini cheti ni ushahidi ukija kudhulumiwa.

ISBN, yaani nambari ya kukitambulisha kitabu, kwa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa. Nambari zetu huanza na 978-9966 au 978-9914. Kitabu cha karatasi kinataka nambari yake, kitabu cha kielektroniki nyingine. Msimbo wa mistari ulio nyuma ya jalada hutengenezwa kutokana na nambari hiyo. Kitabu kikitoka, sheria ya vitabu na magazeti inakudai uwasilishe nakala mbili kwa msajili. Ziweke kando kabla hujaanza kugawa.

Majina ndiyo yenye hatari katika aina hii ya uandishi. Usimwite muuaji wako kwa jina la mtu unayemjua, wala usimweke mwanasiasa anayetambulika kwa kumbadilishia herufi moja. Kudai kuwa ni hadithi tu hakutakulinda kwenye kesi ya kashfa kama mtaa mzima unajua ni nani. Hospitali, kampuni ya kutoa mizigo, hoteli ya uhalifu: zibuni. Barabara, vivuko, masoko na ngome ziache zilivyo. Na kesi iliyo mahakamani sasa hivi iache kabisa mpaka iamuliwe.

7. Kupanga kurasa na jalada

Ukubwa wa A5, milimita 148 kwa 210, ndio rahisi kwa wapiga chapa wetu. Acha nafasi pana upande wa ndani, milimita 20 si nyingi, kwa sababu kitabu kilichogundishwa hakifunguki chote na maneno humezwa katikati.

Sasa jambo ambalo hakuna mpangaji wa kurasa atakayekukumbusha. Msomaji akifungua kitabu, jicho lake linaona kurasa mbili kwa pamoja. Ikiwa jina la muuaji liko juu ya ukurasa wa kulia, ameshaliona kabla hajasoma ukurasa wa kushoto. Panga ufichuzi uangukie juu ya ukurasa wa kushoto, ule wa nambari shufwa, ili lazima afunue karatasi kuupata. Ukihitaji kuongeza aya au kuipunguza ili hilo litimie, fanya. Ufichuzi wangu wa kitabu cha tatu uko ukurasa wa 186, na nilikaa na mpangaji siku nzima kuufikisha pale.

Orodha ya sura mbele ya kitabu iwe ya nambari tu. Sura yenye kichwa "Mzee Afufuka" imeua kitabu kwenye ukurasa wa tano.

Jalada lisomeke likiwa dogo kama ukucha kwenye simu, maana huko ndiko litakakoonekana kwanza. Rangi mbili, picha moja, jina kubwa. Usichukue picha yoyote kwenye intaneti, ina mwenyewe. Mlipe kijana mwenye kamera akupigie mlango wa Mji wa Kale au gati alfajiri, na muandikiane. Mchoraji mpe muhtasari wa theluthi ya kwanza ya kitabu peke yake. Hawezi kuchora asichokijua. Maelezo ya nyuma yawe maneno 100 au 120 na yaishie mahali hapo hapo.

8. Mpiga chapa na hesabu

Omba bei kwa wapiga chapa watatu, kwa maneno yale yale: kurasa ngapi, karatasi ya gramu 80 au 70, jalada la gramu 300 au 250, la kung'aa au la kufifia, nakala ngapi. Uliza kama bei ina VAT ya asilimia 16, maana tofauti hiyo inaweza kukukwamisha siku ya kuchukua mzigo. Uliza pia kurasa wanazipanga kwa mafungu ya 16, kwa sababu kurasa 203 na kurasa 208 huenda zikagharimu sawa. Unene wa mgongo uhesabu mapema: karatasi ya gramu 80 ina kama sehemu ya kumi ya milimita, kwa hivyo kurasa 208, yaani karatasi 104, ni karibu milimita 10. Mchoraji asipoijua hesabu hii, jina lako litaangukia ubavuni.

Chukulia mfano huu, si bei ya mtu yeyote. Nakala 300 kwa shilingi 260 ni 78,000. Mhariri 30,000, jalada 10,000, mpangaji 10,000. Jumla 128,000, yaani kila kitabu kimekugharimu takriban 427. Ukiuza 700 mkononi, unabaki na 273. Ukipeleka dukani kwa mali kauli, yaani wakulipe wakishauza, na duka likataka asilimia 35, unapata 455, faida yako ni 28. Kwa mkono, pesa zako zinarudi ukishauza nakala 183. Kwa duka peke yake, mpaka uuze 282 kati ya 300. Ukiiona hesabu hiyo, utajua jasho lako ulimwage wapi.

Usilipe mpaka umeshika nakala moja ya majaribio. Ifungue na daftari la ushahidi, ukurasa kwa ukurasa, kidokezo kwa kidokezo. Funua pale penye ufichuzi uone kama uko kushoto. Weka sahihi kwenye nakala hiyo na waambie wachape kama ilivyo, na ibaki kwako.

9. Kuuza

Fungua nambari ya kulipia kwa M-Pesa, uiweke kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu pamoja na nambari ya WhatsApp ya kazi, si ya nyumbani. Toa sura tatu za kwanza bure kwa mfululizo, moja kila Alhamisi baada ya isha, na ya tatu iishie pagumu. Wanaotaka kuendelea wakiwa wengi, peleka vitabu kwa bodaboda, siku moja kisiwani na Nyali, siku nyingine Likoni, siku nyingine Kisauni mpaka Mtwapa, ili nauli igawanyike. Mabasi ya Tanga na Dar es Salaam hubeba vifurushi, na Tanzania kuna wasomaji wa upelelezi wasioshiba, usiwasahau. Madukani peleka nakala kumi kumi kwa karatasi iliyotiwa sahihi na siku ya kuhesabiana.

Ukiuza faili la PDF, litasambaa. Andika jina na nambari ya mnunuzi chini ya kila ukurasa. Haizuii kila mtu, lakini hupunguza mkono mwepesi. Mimi huuza faili miezi sita baada ya karatasi.

Jambo la mwisho ni la kikundi cha wasomaji. Ukifungua kikundi kimoja cha WhatsApp, siku ya pili tu mtu mwenye furaha atalitaja jina la muuaji, na wenzake 90 ambao hawajafika sura ya tano watakuwa wamepoteza pesa zao. Fungua viwili. Cha kwanza ni cha kila mtu, na anayetaja jina huondolewa bila mjadala. Cha pili ni cha waliomaliza, na mlango wake una swali ambalo jibu lake liko ukurasa wa mwisho peke yake. Kwa kitabu changu cha pili, toleo lililosahihishwa, swali ni hili: binti alipopiga simu mara ya mwisho, aliitamkaje "njia"?